Shaibu Bado Yupo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi ya kufungua chumba cha kushonea cha mama yake. Mlango wa chuma ulikuwa mzito na wenye kutu, na ulipofunguka ulipiga kelele ya kuamsha mtaa mzima. Chiriku aliusukuma kwa bega na goti, akafagia nyuzi za jana, akachomeka pasi, akajaza ndoo ndogo ya maji ya kunyunyizia nguo. Kisha aliinama chini ya meza ya kukatia, penye kapu kubwa la mabaki ya vitambaa, na kusema, "Mheshimiwa, kumekucha."

Ndani ya kapu alilala Shaibu.

Shaibu alikuwa paka wa kijivu mwenye ndevu nyeupe na nyusi nyeupe. Alizaliwa nazo, ndiyo maana mama alimwita Shaibu tangu alipokuwa kitoto cha paka cha kulala ndani ya kiatu. Mama alimwokota mwaka aliponunua cherehani yake ya kwanza, Chiriku akiwa hajazaliwa. Sasa Chiriku alikuwa darasa la sita, na Shaibu alikuwa mzee kweli kweli. Panya wa mtaa walimjua na kumwogopa. Wateja nao walimjua, kwa sababu alikuwa na tabia ya kukalia nguo ya mtu pale pale inapopimwa, akiangalia kwa jicho moja kama mkaguzi. Mama alizoea kumwambia, "Ondoka, Shaibu, hiyo siyo saizi yako."

Chiriku halikuwa jina alilopewa alipozaliwa. Waliompachika jina hilo ni wateja, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Kila kitu alikuwa na jibu lake, na jibu lenyewe lilikuja kabla swali halijafika mwisho.

Mwaka ule Shaibu alianza kubadilika. Manyoya yake, yaliyokuwa laini kama pamba, yalisimama ovyo kama brashi ya viatu. Uti wa mgongo ulianza kuhesabika. Na maji! Alikunywa yaliyokuwa kwenye bakuli lake, akahamia kwenye ndoo ya pasi, akamaliza na matone yaliyodondoka chini ya bomba la uani.

"Chiriku, huyu paka amekonda," mama alisema siku moja bila kuinua macho kwenye cherehani. "Anaumwa nini?"

"Haumwi, mama. Joto hili nani hanywi maji?"

"Na kukonda?"

"Wazee wanakonda. Humwoni mzee wa duka la viatu?"

Mama aliguna, akaendelea kushona. Lakini asubuhi moja Chiriku aliposema "Mheshimiwa, kumekucha," kapu halikutikisika. Shaibu alikuwa ametapika povu juu ya vitambaa, na alimtazama Chiriku kama mtu anayeomba radhi. Siku hiyo mama aliacha mshono katikati, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akamfunga Shaibu ndani ya shuka, na wote watatu wakaenda kwa daktari wa wanyama.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu na mikono iliyojaa makovu ya kucha. Alimpapasa Shaibu tumbo, akamsikiliza moyo, akamtoa damu kidogo mguuni na kuingia nayo chumba cha ndani. Mama na Chiriku walisubiri kwenye benchi, pembeni ya mbuzi aliyefungwa bendeji mguuni. Daktari alipowaita, hakuzunguka.

"Ni figo," alisema. "Figo ndizo zinazosafisha damu na kutoa uchafu kwenye mkojo. Za Shaibu zimechakaa. Maji anayokunywa yanapita tu, na uchafu unabaki mwilini, ndiyo maana anatapika na kukonda. Figo zikishafika hapo hazirudi kuwa mpya. Ugonjwa huu hauponi. Lakini..."

"Si kweli!" Chiriku aliruka.

"Chiriku!" mama alimkemea. "Heshima yako iko wapi?"

"Si kweli, mama. Yeye kamjua Shaibu leo. Mimi nimemjua maisha yangu yote." Akamnyanyua paka mezani na shuka lake, akatoka nje bila kuaga. Alikaa kwenye ngazi, amemkumbatia Shaibu, akiutazama ukuta wa jirani kana kwamba ukuta ndio uliomkosea.

Mama alitoka baada ya muda mrefu akiwa na pakiti ya vidonge.

"Nisikilize," alisema. "Kidonge kila asubuhi. Chakula laini chenye maji, na chumvi asionje kabisa. Baba yako yuko safarini na lori, na mimi nina sare za shule nzima za kumaliza kabla muhula haujafunguliwa. Kazi hii nakuachia wewe. Utaiweza?"

"Nitaiweza," Chiriku alijibu. Moyoni aliongeza: lakini kwa njia yangu.

Njia yake ilikuwa hii. Vidonge alivimimina ndani ya kopo la vifungo vilivyovunjika, kopo ambalo hakuna aliyeligusa. Naye Shaibu akapewa kitu alichokipenda kuliko vyote duniani: samaki mkavu wa chumvi. Shaibu alikula mpaka akalamba sahani ikasogea sakafuni. Chiriku alisimama mlangoni akamwonyesha kila aliyepita.

"Mnamwona? Mgonjwa gani anakula hivi?"

Rafiki yake mmoja tu ndiye aliyeijua siri. Huyo alikuwa msichana wa darasa lake aliyeitwa Miwani, maana bila miwani hakuweza kuona hata ubao. Walikuwa njiani kwenda shule Miwani alipouliza, "Kwa nini humpi dawa zake?"

"Dawa ni za wagonjwa. Ukimpa dawa asiyeumwa, umeshakubali kwamba anaumwa."

"Lakini anaumwa."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana," Miwani alisema. "Na wewe?"

Chiriku aliongeza mwendo, mkoba ukimpiga mgongoni.

Nyumbani, mama aliuliza kila asubuhi pini zikiwa mdomoni, "Umempa dawa?" Na Chiriku alijibu, "Nimempa." Mara ya kwanza neno hilo lilimkwama kooni. Baadaye lilizoea njia, likatoka lenyewe. Shaibu alipotapika nyuma ya cherehani, Chiriku alifuta haraka kabla hajaonekana. Shaibu alipokunywa ndoo nzima, alijaza nyingine. Kila alivyozidi kukonda, ndivyo Chiriku alivyozidi kutangaza kwa sauti kubwa kwamba hana tatizo.

Jumamosi moja mchana, shangazi yake Chiriku alikuja kujaribu gauni. Alisimama katikati ya chumba, gauni limejaa pini kuanzia kwapani hadi miguuni, hawezi kuinama wala kukaa. Kwenye kiti kando yake zilikuwa sare nyeupe za nesi mmoja, zimepigwa pasi na kukunjwa, tayari kuchukuliwa jioni.

Shaibu alitoka kwenye kapu akipepesuka. Alikuwa akielekea uani, wote waliona hivyo. Hakufika. Miguu ya nyuma ilimlegea, akajishikiza kwenye kiti, akajivuta kwa kucha hadi juu ya sare za nesi, na hapo hapo mkojo ukamtoka.

"Wifi!" shangazi alipiga kelele kumwambia mama. Mwili wake ulikuwa umejaa pini, lakini ulimi ulikuwa huru. "Si nilikwambia? Huyu si paka tena, ni bomba lililopasuka! Mtie kwenye gunia, mkamwache sokoni, huko kuna vichwa vya samaki vya kumtosha."

"Samahani, shangazi," Chiriku alisema akisimama mbele ya Shaibu, "lakini haendi popote."

"Unanijibu mimi?"

"Nakuheshimu, shangazi. Ila haendi popote."

Mama alimshusha Shaibu sakafuni. Aliziondoa sare taratibu, akaziloweka kwenye beseni, akafuta kiti. Kisha akaketi kwenye kigoda chake, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, akamtazama Shaibu aliyekuwa amelala ubavu sakafuni, akihema.

"Chiriku, njoo hapa," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha Chiriku. "Siku ile daktari aliniambia neno ambalo sikukuambia. Alisema tumpe dawa na chakula chake, tuone. Tukiona havimsaidii na anateseka, tusimwache ateseke. Atamchoma sindano alale, asiamke tena. Nimesubiri. Amekula dawa, amekula chakula, na mtazame alivyo. Dawa zimeshindwa, mwanangu. Jumatatu nitampeleka."

Chiriku aliinua macho kwenye rafu. Dawa zimeshindwa? Dawa gani? Dawa zilikuwa kwenye kopo la vifungo! Akinyamaza, Shaibu atachomwa sindano kwa kosa la vidonge ambavyo havijagusa ulimi wake. Akisema, ataonekana mwongo mbele ya mama na shangazi. Na kuna lililo zito zaidi: itabidi atamke kwa mdomo wake mwenyewe kwamba Shaibu anaumwa.

Akaenda kwenye rafu, akalishusha kopo, akalimwaga juu ya meza ya kukatia. Vifungo vilitawanyika, na katikati yake vidonge vyeupe.

"Hazijashindwa, mama," alisema. "Hajazila."

Mama alisimama. "Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Na nimekuwa nikimpa samaki wa chumvi."

"Kwa nini?" Mama alinong'ona. "Chiriku, kwa nini?"

"Kwa sababu nikimpa dawa, basi ni kweli!" Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa ya huruma, yalikuwa ya hasira. "Ni kweli anaumwa. Ni kweli haponi. Nipige, mama, nifungie ndani, nifanye utakavyo. Lakini usimpeleke kuchomwa sindano kwa ajili ya uongo wangu. Mimi ndiye niliyedanganya. Yeye hajamdanganya mtu."

Mama akavua futi shingoni na kuitupa mezani.

"Lete shuka," alisema. "Tunakwenda kwa daktari sasa hivi. Yako na yangu tutazungumza baadaye."

"Na mimi je?" shangazi alilia. "Na pini hizi?"

"Wifi, simama hapo hapo. Usikae."

Daktari alimpokea Shaibu bila kuuliza mengi. Alimwingiza sindano, akatundika chupa ya dripu, na maji yakaanza kushuka tone kwa tone. Chiriku alimwambia yote mwenyewe, kopo, samaki, kila kitu, akiangalia chini. Daktari alisikiliza huku akiushikilia mguu wa Shaibu usitikisike.

"Siku ile uliondoka nikiwa katikati ya sentensi," alisema. "Nilisema hauponi, lakini. Hukusubiri hiyo 'lakini'."

"Lakini nini?"

"Lakini kutopona si kufa leo. Nina wagonjwa wenye figo kama zake. Wanakula, wanaota jua, wanagombania kiti na wenye nyumba. Wanahitaji dawa, maji mengi, chakula kinachofaa, na mtu asiyechoka."

"Kwa hiyo ataishi?"

"Sijui. Chumvi imemuumiza, na tumechelewa. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya, na nadhani uongo umeshatosha."

Chiriku alifuta pua kwa mkono. "Mimi sikubali afe."

"Usikubali," daktari alimjibu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Sijakuomba uache ubishi. Ila bishana na ugonjwa, usibishane na mimi. Mimi na wewe tuko upande mmoja."

Shaibu alibaki pale siku kadhaa. Nyumbani, mama alitimiza ahadi yake ya mazungumzo. Hakumpiga Chiriku, ila alimkalisha mbele yake na kumwambia kwamba neno "nimempa", alilolisema kila asubuhi, lilimuuma kuliko sare zilizoharibika, kwa sababu yeye alikuwa akilitegemea. Chiriku alizifua sare zile mpaka zikang'aa, akazipiga pasi, kisha akazipeleka mwenyewe nyumbani kwa nesi na kumweleza yaliyotokea. Nesi alisikiliza mpaka mwisho. "Kazini kwangu namwagiwa mambo makubwa kuliko hayo," alisema. "Ila umefanya vizuri kuja mwenyewe."

Shaibu aliporudi alikuwa mwepesi kama kapu tupu, mguu mmoja umenyolewa. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Chiriku aliamka mapema kuliko alivyozoea. Alichemsha nyama bila chumvi, akaiponda na kuichanganya na maji yake. Shaibu, aliyezoea samaki wa chumvi, aliinusa kisha akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Chiriku alimbembeleza, akamwimbia, akamgombeza. Siku moja Miwani aliingia akamkuta ameinama sakafuni, anakula chakula cha paka kwa kijiko huku akisema, "Mmm, kitamu hiki, utajuta."

"Kitamu kweli?" Miwani aliuliza.

"Kibaya sana," Chiriku alinong'ona. "Usimwambie."

Kwa kuwa Shaibu hakuweza kuwahi uani, Chiriku alitafuta mchanga, akauchekecha, akaujaza kwenye beseni karibu na kapu, na kuubadilisha kila siku kabla ya kwenda shule. Maji aliyaweka kila kona ili paka asitembee mbali kuyatafuta. Kummezesha kidonge ndiko kulikokuwa vita. Daktari alimfundisha kumviringisha paka kwenye taulo, kichwa tu kibaki nje, lakini kabla hajaizoea kazi hiyo mikono yake ilijaa mikwaruzo mpaka mwalimu akamuuliza kama alianguka kwenye miiba. Mama alipomuuliza asubuhi, "Umempa dawa?", Chiriku sasa alijibu ukweli: "Nimempa." Au: "Bado, ananishinda, njoo unishikie."

Kulikuwa na asubuhi mbaya. Siku nyingine Shaibu alikataa kila kitu, akageukia ukuta. Siku kama hiyo ndiyo shangazi alipopita, akasimama mlangoni, akatikisa kichwa.

"Unajichosha bure, binti yangu. Atakufa tu huyu."

Chiriku alikuwa amepiga magoti kando ya kapu, bakuli mkononi. Zamani angesema si kweli. Safari hii alimwangalia shangazi usoni.

"Atakufa, shangazi. Hata mimi najua. Lakini si leo, na si kwenye gunia."

Shangazi akaondoka. Kesho yake alirudi na beseni la zamani kwapani, akaliweka chini kwa kishindo. "La mchanga," alisema bila kumtazama mtu. "Nimeona mna moja tu. Hilo lenu likioshwa, mzee aende wapi?"

Muhula ulipokaribia kufungwa, walimpeleka Shaibu kupimwa tena. Daktari alimweka kwenye mizani, akasoma majibu ya damu kimya kimya, na safari hii Chiriku alisubiri mpaka mwisho wa kila sentensi.

"Figo ni zile zile," daktari alisema. "Hazijapona na hazitapona. Ila uchafu kwenye damu umepungua sana, na ameongezeka uzito. Ana nafasi nzuri ya kuendelea hivi kwa muda. Siku akianza kuteseka tutajua, na tutaamua pamoja. Leo siyo siku hiyo."

Walirudi nyumbani kwa miguu, Shaibu ndani ya shuka, masikio tu yakionekana. Walipofika chumba cha kushonea, mama hakukimbilia cherehani. Aliketi kwenye kigoda, akamwita Chiriku karibu.

"Nataka nikuambie jambo, na ulishike," alisema. "Wewe ulidhani ukikubali Shaibu ni mgonjwa, utakuwa umemwacha. Kumbe ulimwacha siku zile ulizokuwa unatangaza mlangoni kwamba haumwi. Alikuwa anaumwa peke yake, na wewe ulikuwepo. Siku uliyomwaga lile kopo mezani ndiyo siku uliyoanza kumtetea. Ugonjwa ukiufichia jina, wenyewe unafanya utakalo. Ukiutaja, unajua utaushikia wapi. Na hata usipopona, kuna kazi ya kufanya kila siku, na kazi hiyo ndiyo upendo wenyewe. Sitaki uache ukaidi wako, mwanangu. Nataka usimame kwenye ukweli kwanza, halafu uwe mkaidi unavyotaka."

Chiriku, msichana ambaye kila kitu alikuwa na jibu lake, hakujibu. Aliitikia kwa kichwa tu.

Asubuhi iliyofuata aliingia mteja mgeni, fundi wa rangi mwenye suruali iliyochanika gotini. Aliona mabakuli ya maji kila kona, mabeseni mawili ya mchanga, na msichana aliyekuwa ameketi sakafuni na paka mwenye ndevu nyeupe ameviringishwa kwenye taulo.

"Anaumwa huyo mzee?" aliuliza.

"Ndiyo, figo," Chiriku alisema, akichukua kidonge.

"Pole. Atapona?"

"Haponi. Lakini bado yupo."

Shaibu alipokiona kidonge alikaza taya, akafumba na macho. Chiriku alicheka, akamshika kidevu taratibu, akamsogelea mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Kaza tu, mzee," alimwambia. "Na mimi nakaza."